Mwaka mmoja na nusu katika fleti ya Malindi, Mji Mkongwe wa Zanzibar: tathmini ya mpangaji

Fleti ninayoitathmini hapa ina vyumba viwili vya kulala, ukumbi, jiko dogo na roshani, nayo iko ghorofa ya tatu ya nyumba ya mawe na chokaa katika mtaa wa Malindi, hatua chache nyuma ya barabara ya Mizingani inayopita kando ya bahari. Nimeishi humo peke yangu kwa miezi 18, tangu nilipohamia Unguja kikazi kutoka Tanga. Ninamwandikia mtu anayefikiria kupanga Mji Mkongwe ili aishi, apike, aende kazini na arudi, kwa sababu karibu kila nilichokisoma kabla ya kuhama kilikuwa kimeandikwa kwa ajili ya mgeni wa siku mbili tatu. Mgeni huuliza kama bahari inaonekana dirishani. Mpangaji hana budi kuuliza maji ya mferejini hufika ghorofani saa ngapi, na nani atalipa plasta ikibanduka.

Hukumu yangu naitoa mapema. Kwa matengenezo yake, fleti hii haistahili kodi inayotozwa. Lakini nikihesabu kila ninachokifikia kwa miguu kutoka mlangoni, kodi hiyo naiona kuwa ya haki, na sijaona mahali pengine Unguja ambapo ningependa kuishi zaidi. Mtu asiyetaka kutembea atakuwa analipia kitu ambacho hakitumii.

Kodi ni shilingi 550,000 kwa mwezi. Nilitakiwa kulipa miezi sita mbele, na juu yake dalali akachukua kodi ya mwezi mmoja kama ujira wake, kwa hiyo nilitoa shilingi 3,850,000 kabla sijashika ufunguo. Mwenzangu wa kazini anayeishi Fuoni, nje ya mji, hulipa chini ya nusu ya kodi hiyo kwa nyumba nzima yenye ua na mwembe. Dalali alinionyesha nyumba nne, mbili kati yake bei zikitajwa kwa dola na kwa usiku, hata pale nilipomweleza mara ya pili kwamba ninatafuta pa kukaa mwaka mzima. Ushauri wangu kwa anayetafuta ni kwamba amwambie dalali tangu mwanzo maneno mawili, mkazi na shilingi, na asipande ngazi ya nyumba yoyote kabla hajajibiwa.

Baada ya kutia saini mkataba, mwenye nyumba alinipeleka kwa sheha, kiongozi wa serikali wa mtaa, ili nitambulike katika shehia, yaani eneo analolisimamia. Watu wengi tunaotoka bara huliona jambo hili kama usumbufu. Mimi, baada ya mwaka na nusu, naliona kuwa sehemu ya huduma niliyoipata. Sheha aliniuliza, "Utakaa na nani, mwanangu?" Nikamjibu, "Peke yangu, Sheha." Akasema, "Basi majirani ndio watu wako. Ukisafiri, usiondoke bila ya kumwambia mtu." Nimelifuata neno hilo kila ninaposafiri, na mara mbili jirani wa chini alifunga pampu iliyoachwa ikivuja wakati nikiwa Tanga.

Kuhamia kwenyewe kunahitaji maandalizi, maana gari huishia barabarani. Kichochoro cha kuingilia kwetu hakizidi upana wa mikono miwili iliyonyooshwa, kwa hiyo vitu vyangu vilihamishiwa kwenye rikwama, vikasukumwa na mahamali wawili, kisha vikabebwa mabegani kwenye ngazi ambayo ghorofa ya kwanza ni ya mawe na zilizobaki ni za mbao, nyembamba na zenye vidato virefu. Friji ilipita kwa shida. Kitanda cha futi sita kwa sita hakikupita kabisa kwenye kona ya ngazi, na ilibidi kifunguliwe mbao zake na kuvutwa kwa kamba kupitia roshani, kazi iliyochukua saa mbili na kuwakusanya watoto wote wa mtaa. Anayepanga nyumba ya aina hii apime ngazi kabla ya kununua samani, na kama ana mzazi mwenye maumivu ya magoti atakayekuja kumtembelea, atafute ghorofa ya chini. Mama yangu amefika kwangu mara moja tu, na nilisikitika kumwona akipumzika kila kituo.

Sasa nije kwenye kutembea, ambako ndiko thamani yote ilipo. Nimekulia Ngamiani, Tanga, mtaa ambao barabara zake zina namba na mtu akipotea huhesabu tu. Mji Mkongwe hauna utaratibu huo. Hapa njia hutajwa kwa misikiti, milango na mabaraza ya mawe ya kukalia yaliyo mbele ya nyumba, na wiki tatu za mwanzo nilikuwa nikitokea mahali nisipopatarajia kila nilipojaribu kufupisha safari. Lakini mji wenyewe ni mdogo kiasi kwamba ukipotea hupotei mbali. Umekaa juu ya rasi, maji yakiwa magharibi na kaskazini, na zamani hata upande wa mashariki kulikuwa na mkono mwembamba wa bahari ulioutenga na kisiwa kilichobaki. Watu walivuka kwa daraja, na ndiyo asili ya majina Darajani na Ng'ambo. Mkono huo wa bahari ulifukiwa katika karne ya 20, na leo barabara ya Benjamin Mkapa inapita mahali pale. Nyumba nyingi za mawe ni za karne ya 19, zilijengwa kwa ajili ya watu waliokuwa wakitembea, zikasogezwa karibu karibu hata jua la mchana halifiki chini ya kichochoro isipokuwa kwa muda mfupi. Kwa mwenye miguu, ubanaji huo ni neema: ninaweza kwenda sokoni saa saba mchana mwezi wa Februari bila ya kuungua utosini.

Ofisi yangu iko Vuga, upande wa pili wa Mji Mkongwe, nami hufika kwa dakika 25 nikipita kando ya bahari. Hutoka Malindi na kuipita Dispensari ya Kale, ile nyumba ambayo Tharia Topan alianza kuijenga mwaka 1887 na ambayo roshani zake za mbao zilizochongwa sijazichoka mpaka leo. Kisha mtini mkubwa wa Mizingani, ambapo manahodha wa boti husubiri wageni wa kwenda kisiwa cha Changuu. Kisha majumba ya masultani, Beit el-Sahel, na Beit el-Ajaib iliyozungukwa na mabati ya ujenzi. Kisha Forodhani, na baada ya hapo hupanda barabara ya Kenyatta hadi Vuga. Ukuta wa bahari wa Mizingani ulijengwa upya katika miaka ya 2010 kwa mradi uliogharimiwa na mkopo wa Benki ya Dunia, na bustani ya Forodhani ilitengenezwa upya na taasisi ya Aga Khan ya utamaduni na kufunguliwa mwaka 2009. Ninayataja hayo kwa kuwa mpangaji huyatumia kila siku: mahali pa kupitia palipo sawa, penye ukuta wa kukalia na upepo, hufanya dakika 25 zisionekane ndefu. Siku za mvua hubadilisha njia, nikaingia ndani kupitia Kiponda na Sokomuhogo, ambako kuta hukinga mvua ya upande, na pale maji yanapojaa kichochoroni hupanda juu ya mabaraza na kuendelea na safari nikivuka kutoka baraza moja hadi jingine. Baraza hujengwa kwa ajili ya kukaa na mazungumzo, lakini wakati wa masika ndilo njia ya waendao kwa miguu.

Sijapanda daladala kwenda kazini hata siku moja tangu nihamie. Darajani ni mwendo wa dakika nane. Geti la bandarini, ninakopandia boti ya kwenda Dar es Salaam, ni dakika tano, na kwa mtu anayevuka mara moja au mbili kwa mwezi hiyo ni tofauti kubwa, kwani safari yenyewe ya baharini ni kama saa mbili na mara nyingi wanaokaa mbali hutumia nusu ya muda huo wakihangaika na usafiri wa kufika bandarini. Msikiti, duka la dawa, fundi cherehani, muuza mkate wa ajemi, mwenye mashine ya kusaga nazi, wote wako ndani ya dakika tatu. Na karibu kuliko vyote, kwa jambo ninalolipenda kuliko yote, ni diko, yaani mahali wavuvi wanapoteremsha samaki, na soko la samaki la Malindi, lililojengwa upya kwa msaada wa Japani. Alfajiri samaki hunadiwa kwa mafungu, changu, tasi, nguru, jodari na pweza, na anayefika mapema hununua kwa bei ambayo mchana hawezi kuiona tena. Mwezi wangu wa kwanza hapa nilinunua vibaya kwa sababu nilikuwa nikienda kwa kuangalia saa. Jirani yangu, mtu mzima ambaye alikuwa mvuvi, alinifundisha kwenda kwa kuangalia mwezi na maji: siku za bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, samaki wanaopatikana si kama wa siku nyingine, na upepo wa kusi ukivuma kwa nguvu vyombo vidogo havitoki. Sasa ninajua kabla sijavaa viatu kama kuna haja ya kwenda.

Suala la usiku linastahili kuelezwa kwa uwazi, hasa kwa wanawake wanaoishi peke yao kama mimi. Njia ya bahari kutoka Forodhani hadi Mizingani ina watu hadi saa nne usiku, na sijawahi kusumbuliwa zaidi ya maneno ya vijana wanaowatafuta watalii, ambao baada ya miezi miwili walinijua na wakaacha. Vichochoro vya ndani ni jambo jingine. Taa ni chache, na umeme ukikatika giza huwa zito hata ukuta ulio ubavuni huuoni. Kinachonilinda humo ni mabaraza: wazee wanaokunywa kahawa na kula kashata baada ya Isha, mama anayekaanga bajia mlangoni, vijana wanaocheza bao. Mtu aliyezoea kupita bila ya kusalimu ajifunze kusalimu. Shikamoo ninazozitoa asubuhi ndizo zinazonifanya nijulikane usiku, na ninayasema haya baada ya kufuatwa na mtu mara moja, ambapo wazee watatu waliinuka barazani kabla sijafungua mdomo na mtu yule akageuza njia.

Fleti yenyewe ni ya namna mbili: hali yake ya asili, ambayo ni nzuri, na matengenezo yake, ambayo ni mabaya. Kuta ni za mawe ya matumbawe na chokaa, unene wake unazidi nusu mita, na mchana wa jua kali ndani hubaki baridi kiasi kwamba feni moja inatosha. Dari imebebwa na boriti za mikoko. Mkoko hautoi mti mrefu ulionyooka, kwa hiyo vyumba vya nyumba hizi huwa vyembamba na virefu. Chumba changu kina upana wa mita 2.8 na urefu wa mita sita, nami nimekizoea kwa kuweka kitanda upande mmoja na meza ya kazi upande wa pili. Dari iko juu sana, na madirisha yana vibao vya mbao vinavyoruhusu upepo kupita huku vikizuia macho ya nyumba ya mbele, ambayo iko umbali wa kusalimiana kwa sauti ya kawaida.

Roshani inatazama kaskazini. Bahari huonekana kati ya mapaa mawili, kipande cha upana wa mlango, na ninamshauri kila mtu asikubali kuongezewa kodi kwa kipande kama hicho. Upepo ndio wa kulipia. Wakati wa kaskazi, kuanzia Disemba hadi Machi, huingia moja kwa moja kutoka baharini na kuifanya roshani kuwa mahali pazuri kuliko pote nyumbani. Wakati wa kusi upepo huja kutoka nyuma, nyumba jirani zikauzuia, lakini miezi hiyo kisiwa chote huwa na ubaridi kidogo na mtu hateseki. Kipindi kigumu ni kati ya pepo hizo mbili, mwishoni mwa Machi na mwanzoni mwa Aprili, ambapo hewa husimama, unyevu huzidi na nguo zilizofuliwa hukaa siku mbili bila ya kukauka. Ukiweza, ikague fleti katika wiki hizo. Ikikuridhisha wakati huo, itakuridhisha mwaka mzima.

Maji ya mferejini huja kwa zamu, na nguvu yake haifiki ghorofa ya tatu. Jirani aliniambia siku ya kwanza, "Mwanangu, hapa juu maji huyapati mpaka uyapandishe mwenyewe," na hivyo ndivyo ilivyo: pampu iliyo chini huyapandisha usiku hadi kwenye tangi la lita 1,000 lililo juu ya paa, na umeme wa pampu hiyo hukatwa kwenye mita yangu. Hilo halikuwemo katika mazungumzo na dalali. Umeme ni wa malipo ya kabla, huku wanauita tukuza, nao ni kama luku ya kwetu bara. Mimi hutumia shilingi 45,000 hivi kwa mwezi bila ya kiyoyozi. Umeme wa Unguja hutoka bara kwa waya wa chini ya bahari, na majirani bado wanaikumbuka miezi mitatu ya giza kuanzia Disemba 2009 hadi Machi 2010. Ukatikaji wa sasa ni wa saa chache, lakini ukikatika usiku ambao tangi ni tupu, asubuhi hakuna maji, kwa hiyo nina madumu manne jikoni yaliyojaa wakati wote.

Chumvi ya bahari ndiyo gharama ambayo sikuitarajia, ingawa nimetoka mji wa pwani. Tanga nilikuwa nikiishi kilomita mbili kutoka majini. Hapa ni mita mia moja, na tofauti yake ni kubwa. Mlango wa friji umeota kutu pembeni ndani ya mwaka mmoja. Bawaba za madirisha zilizotiwa na fundi wa mwenye nyumba zilikuwa za chuma cha kawaida, zikakatika mbili, nami nikazibadilisha kwa za shaba kwa fedha yangu. Kompyuta naiweka ndani ya sanduku lenye kifuniko. Viatu vya ngozi visivyovaliwa huota ukungu wakati wa masika, na vitabu vinapaswa kutolewa rafuni na kupigwa upepo.

Lakini kosa kubwa kuliko yote ni la plasta, na hapa ninamlaumu mwenye nyumba moja kwa moja. Ukuta wa matumbawe na chokaa hunyonya unyevu na kuutoa; ndiyo tabia yake, na ndiyo iliyoufanya udumu zaidi ya miaka mia. Ukiupaka saruji, unyevu hufungiwa ndani, chumvi hujikusanya nyuma ya plasta, na baada ya msimu mmoja wa mvua plasta hubanduka vipande vipande. Nilimweleza jambo hili alipomleta fundi kutengeneza ukuta wa chumbani kwangu, na mzee mvuvi wa chini naye alimweleza kwa maneno yake, kwamba babu zao walichoma chokaa kwa sababu. Fundi alipaka saruji kwa kuwa ilikuwa ikikauka haraka. Mwezi wa Juni kipande cha ukubwa wa meza kilianguka juu ya kitanda saa za kazi, nami nilipokiona jioni nilikaa muda mrefu nikifikiria kwamba ningekuwa nimelala. Baadaye fundi mwingine alikwangua saruji yote, akapaka chokaa kwa tabaka tatu, akiacha kila tabaka ikauke, na ukuta huo sasa umepita mvua za vuli bila ya ufa. Gharama tuligawana nusu kwa nusu, jambo ambalo naona halikuwa haki kwangu.

Anayekagua nyumba ya Mji Mkongwe asiangalie rangi, kwa sababu rangi mpya huficha mengi. Aangalie boriti zinapoingia ukutani, kwani hapo ndipo maji yakipenya huzioza. Aangalie ufa wowote unaoanzia juu ya dirisha na kuendelea hadi darini. Apande mpaka kwenye paa aone kama mabati yametoboka na kama mfereji wa maji ya mvua unamwaga nje au ndani ya ukuta. Na aulize kama matengenezo yaliyofanywa yana kibali cha Mamlaka ya Mji Mkongwe, ambayo ipo tangu mwaka 1985 kwa kazi hiyo. Hili si jambo la kupuuzwa. Beit el-Ajaib, jumba ambalo Sayyid Barghash alilijenga mwaka 1883 na ambalo kila mtu alidhani litasimama milele, liliporomoka sehemu tarehe 25 Disemba 2020, na watu wakapoteza maisha. Mimi hulipita kila asubuhi, na kila ninapolipita nayakumbuka mabati ya paa letu.

Kuhusu kelele nitasema kidogo tu. Honi za boti huanza asubuhi na adhana za misikiti kadhaa hupokezana alfajiri, nazo mtu huzizoea, na mimi nimezoea hata kuamka kwazo. Vespa na pikipiki zinazopita vichochoroni usiku wa manane sijazizoea. Wakati wa tamasha la Sauti za Busara, lililoanza mwaka 2004 na ambalo kwa miaka mingi limefanyika Ngome Kongwe mwezi wa Februari, ngoma husikika mpaka Malindi, lakini ni siku chache na mimi hwenda kusikiliza. Maji yanapokupwa sana, siku za bamvua ambapo tofauti ya kujaa na kupwa hukaribia mita nne, harufu ya mifereji inayoishia baharini hupanda hadi roshani, nami hufunga madirisha kwa saa mbili.

Jambo linalonitia wasiwasi kuliko chumvi na kelele ni kupungua kwa majirani. Nyumba yetu ina fleti nne. Nilipohamia, tatu zilikuwa na wakazi; sasa ni mbili, mbili nyingine hukodishwa kwa usiku, na watu nisiowajua hupanda ngazi na masanduku yao saa saba za usiku wakitafuta mlango. Si kosa lao, na wengi wao ni watu wema. Lakini mgeni wa usiku mmoja hajui kwamba pampu inavuja, wala hatainuka barazani jirani akifuatwa na mtu. Mji Mkongwe uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO mwaka 2000, na heshima hiyo imeleta fedha, matengenezo na watalii kwa pamoja. Kila nyumba inayogeuzwa ya wageni huondoa familia moja katika mtaa ambao mgeni huyo amekuja kuuona ukiishi.

Jambo hilo limenifika hata mimi. Mwezi wa Novemba mwenye nyumba alikuja na halua na maneno ya upole, akaniambia, "Mwanangu, Disemba ni msimu. Huna ndugu wa kukaa naye wiki tatu tu? Nitakurudishia kodi ya siku hizo." Ninamwelewa, kwani paa moja la nyumba kama hii hugharimu kuliko kodi yangu ya mwaka mzima, naye ni mjane. Hata hivyo nilimwonyesha kwa heshima kifungu cha mkataba kinachosema kwamba fleti ni makazi yangu kwa kipindi chote nilicholipia. Kifungu hicho nilishauriwa na sheha mwenyewe nikiweke, na bila ya hicho ningekuwa nimelala Fuoni kwa mwenzangu mwisho wa mwaka. Asiyekuwa nacho akiombe kabla ya kulipa.

Kwa anayelinganisha, Shangani ni pazuri zaidi kwa macho na pana barabara iliyo pana kidogo, lakini kodi zake nyingi zimewekwa kwa wageni. Vuga ni tulivu na karibu na ofisi, mbali na samaki. Maghorofa ya Michenzani, yaliyojengwa miaka ya 1970, yako mwendo wa robo saa tu kutoka Darajani, na kwa mtu anayetaka kutembea bila ya kulipa kodi ya mji wa mawe ningemshauri aulize huko kwanza. Fumba kuna fleti mpya zenye maji muda wote na kuta zisizobanduka, na mwenye gari na watoto wadogo huenda akapata raha huko. Mimi niliitembelea Jumamosi moja, nikaona kila kitu kiko safi, nikarudi mjini kabla ya Magharibi kwa sababu nilitaka kununua mkate kwa miguu yangu.

Mkataba wangu unakwisha mwishoni mwa Machi. Nimemwambia mwenye nyumba kwamba nitalipa miezi sita mingine kwa masharti matatu yaliyoandikwa: mabati mawili ya paa yaliyotoboka yabadilishwe kabla ya mvua za masika, umeme wa pampu ugawanywe kwa fleti zote nne, na ukuta wowote utakaoguswa ndani ya nyumba hii upakwe chokaa. Masharti mawili ya mwisho ameyakubali. La mabati bado tunazungumza, na fundi anakuja Jumatano kupima.